Unasikia Uchungu?

Kila aliyetaka kuingia wodi ya wagonjwa wa kifua aliulizwa swali hilo. Unavaa barakoa yako nzito, unavikwa kofia pana ya plastiki inayokufika mabegani, kisha mpimaji anapuliza dawa chungu ndani yake. Ukiisikia ulimini, barakoa inavuja, huingii. Usipoisikia, pita. Mpimaji wetu tulimwita Bwana Puliza.

Muuguzi mwenzangu, Dada Cheko, alimjibu kwa mzaha. "Mimi sijazaa, kaka. Uchungu nitausikia wapi?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Bwana Puliza naye akacheka, akampitisha. Kumbe ugonjwa ulikuwa umeshamwingia na kumwondolea ladha. Hata angepuliziwa mdomo mtupu asingesikia kitu. Hakupona. Walimzika bila kumwona uso.

Mimi nilikuwa nyumbani kwa likizo ya uzazi wakati huo. Niliporudi kazini walinisimulia, sauti chini.

Asubuhi moja nilimnyonyesha mwanangu, nikanywa chai, nikamwambia mama mkwe, "Leo sukari umetunyima, mama."

"Nimetia ya kutosha, mwanangu. Ulimi wako bado umelala."

Nikacheka, nikatoka mbio.

Chini ya kofia pumzi yangu ilinirudia masikioni. Plastiki ikashika ukungu. Ndani ya ukungu ule nikasikia kicheko cha chinichini, cha mtu anayejizuia kazini. Nilikijua, cha Dada Cheko. Nikageuka. Nyuma yangu palikuwa na ukuta tu.

"Unasikia uchungu?" aliuliza Bwana Puliza.

"Sisikii."

"Safi. Pita, mama kichanga."

Sikupita. Niliikumbuka ile chai.

"Kaka, nivue barakoa, unipulizie mdomo mtupu."

"Ya nini? Dawa yenyewe tunaibania, na watu unawaona walivyojaa."

"Nipulizie tu. Nina mtoto ananyonya."

Uso ukamshuka. Nikavua, nikatoa ulimi. Akapuliza. Akapuliza tena.

"Sema ni chungu, dada yangu. Nakuomba."

Kwangu yalikuwa maji matupu.

Sasa nimetengwa kwenye chumba cha nyuma cha hospitali hadi ladha irudi. Mwanangu amepimwa, hana kitu, ashukuriwe Mungu. Mama mkwe humleta dirishani, akamwinua kama anayeonyesha samaki mkubwa. Mtoto akilia, maziwa yanalowanisha gauni langu, na mimi naweka kiganja kwenye kioo. Yeye hukilamba kioo akidhani ni mimi.

Bwana Puliza hupita kabla ya kuanza kazi, kofia kwapani. Siku hizi kila mtu hupuliziwa kwanza bila barakoa, na jibu ni ndiyo au hapana. Mzaha amepiga marufuku.

Leo amesimama mbali kidogo na dirisha. "Unasikia uchungu?"

Nilikuwa nimeshika kikombe cha kahawa kavu, bila sukari. Nikapiga funda. Kwenye shina la ulimi kitu kilinigusa, kidogo kama ukucha wa mwanangu. Nilitamani kupiga kelele, ndiyo, nifungulie mlango nikamnyonyeshe.

Lakini ile kofia kwapani mwake, tupu, ilikuwa inashika ukungu kwa ndani. Ukungu unakuja, unafutika, unakuja, kama mtu anayevuta pumzi akisubiri jibu langu.

"Ngoja kwanza, kaka," nikasema, nikapiga funda la pili.