Sweta Juu ya Sola

Jua lilitoka Jumanne, baada ya mvua ya siku nne. Hapa Kihoto ziwa likipanda, choo na kisima huwa maji mamoja, na nguo hazikauki. Sweta ya mjukuu wangu Joyline ilikuwa imeanza kunuka uvundo. Mimi ndiye mpishi wa shule, watoto wote huniita Kukhu, yaani nyanya, na paa la jikoni ni fupi, nalifikia kwa mkono. Hapo juu kuna sola, nyeusi, ikipigwa na jua inashika moto kama kikaango. Nikaitandaza sweta hapo, mikono nikainyoosha vizuri, nikarudi kumenya viazi.

Saa nne Joyline alikuja na kikombe mkononi.

"Kukhu, mbona ile taa ya maji leo ni nyekundu?"

Kisu kiliniponyoka. Maji yetu ya kisima hupitia bomba lenye mwanga ndani, ule unaoua viini vya ugonjwa, na sola ndiyo huuwasha. Taa ya nje ikiwa kijani, kunywa. Nyekundu, funga mfereji. Fundi alinifundisha mimi, si mwingine. Betri ilikuwa imechoka kwa mvua, ikingoja jua la asubuhi, na hilo jua mimi niliipatia sweta.

"Umekunywa?"

"Vikombe viwili."

Nilikimbia na miguu yangu hii, nikauziba mfereji kwa mgongo.

"Kukhu ametunyima maji!" watoto wakapiga kelele. "Kukhu ni polisi wa maji!"

"Nani amekunywa? Inua mkono!"

Mikono tisa.

Mwalimu Micah alikuja kuuliza kuna nini. Ningesema mtambo umeharibika, nani angejua? Lakini mafuriko yaliyopita tulizika mtoto wa jirani yangu Sitati. Kipindupindu. Alianza kuhara asubuhi, jioni hayupo. Nikaishusha sweta, nikamwambia Mwalimu ni hiyo iliyoziba sola. Hakunigombeza. Aliwapigia wazazi wa wale tisa simu, kisha akasema, "Tutawaangalia siku tano, Kukhu."

Kila asubuhi kabla ya uji niliwaita kwa majina, nikitazama kama macho yameingia ndani, kama ulimi umekauka.

"Leo tena ulimi?" Joyline aliniuliza.

"Toa."

Alhamisi walikuwa wanane. Rumaisa hakuwepo.

Niliacha uji motoni. Maji ya njiani yalinifika magoti, mazito, yakibeba taka za kuku na ndala ya mtu. Niliomba nikitembea, na maombi yalinitoka nusu nusu. Mlango wao ulikuwa umefungwa. Ndani kimya. Nikaugonga kwa mwiko, kumbe nilikuwa nao bado.

Mamake, Safiyo, akafungua. "Kukhu! Na mwiko? Si nilimwambia Mwalimu akiharisha nitapiga simu?"

"Yuko wapi?"

"Si huyo. Kiatu kimoja kimebebwa na maji. Ataendaje shule mguu mmoja?"

Nikakaa kwenye kizingiti. Rumaisa alikuwa kitandani akitafuna mandazi. Aliponiona alitoa ulimi kabla sijamwambia. Ulikuwa mwekundu, wenye maji.

"Mama, nina kiu," akasema.

Safiyo akamimina kutoka kwa jerikani. Kikombe kikiwa njiani nikamshika mkono.

"Umechemsha, mama?"

Akaangalia chini. "Makaa yamelowa tangu Jumapili."

Nikakitwaa kikombe, nikayamwaga maji nje, yakaungana na yale ya mafuriko. Kisha nikainama.

"Panda mgongoni," nikamwambia Rumaisa. "Taa ya shule leo ni kijani. Nimeiangalia mara tatu."

Zilikuwa zimebaki siku tatu za kuwaangalia.