Kadi Niliyoijaza Mapema

Mimi sipendi foleni. Wote wa kabine yetu ya meno, kliniki ndogo hapa njia ya Munigi, wanalijua hilo. Basi jioni moja, tukingoja timu ya chanjo ije asubuhi kutupa dozi ya tatu ya hepatite B, ule ugonjwa wa ini, nilikaa na biki yangu nikajaza kadi zetu zote za chanjo: jina, tarehe, dozi ya tatu. Mutu akichomwa tu, achukue kadi yake aende. Nilijiona mjanja kweli!

Asubuhi timu haikuja. Yalikuja masasi ya bunduki, tukakimbia kila mutu na njia yake. Tuliporudi tulifagia vioo vilivyovunjika, tukaanza tena kung'oa meno, na kadi zikabaki kwenye droo na uongo wangu. Nilisahau. Kweli nilisahau, Mungu ananiona.

Mpaka siku ile Joviale, msaidizi wetu, alipokuwa anaosha vyombo vya kung'olea meno. Chuma chenye ncha kilipita glavu kikaingia kidole. Muzee aliyetoka tu kwenye kiti alikuwa ametuambia mwenyewe kwamba ana hepatite B. Na Joviale alikuwa na mimba ya miezi mitatu, baada ya mimba mbili za kwanza kutoka.

Docta Gauthier alimwosha kidole kwa sabuni, akafungua droo, akasoma kadi yake. "Dozi tatu. Shukuru Mungu, uko salama."

"Mimi nilikumbuka mbili," Joviale akasema. "Lakini wiki ile ya masasi nilisahau hata jina yangu. Kama Mama Olive ameandika, ni kweli. Mama Olive hakosei."

Akanitabasamia. Jamani! Ningenyamaza, nani angejua? Miaka kumi na tisa nilikuwa na jina zuri kwenye kabine ile.

"Ni uongo," nikasema. "Niliandika kabla ya sindano. Yeye ana mbili tu. Sisi wote tuko na mbili tu."

Docta akashika funguo za gari, tukaondoka watatu. Hospitali walimpa Joviale dozi ya tatu saa ileile, wakamwambia atarudi kupimwa damu. Kesho yake na sisi tukachomwa. Lakini siku ile, njia nzima ya kurudi kutoka hospitali, Joviale hakunisemesha. Nililia kama mutoto, na sikuona haya.

Miezi ilikwenda polepole. Alinisalimia "Mama Olive", basi, hakuongeza. Nilimletea maziwa, akayanywa, akanirudishia kikombe. Majibu ya mwisho yalipotoka, damu ilikuwa safi, hana kitu. Nilimkumbatia na tumbo lake lote, naye akaniacha nimkumbatie.

Juzi mutoto alitimiza wiki sita. Joviale akaja kwangu asubuhi amembeba.

"Twende chanjo, Mama. Kadi utaandika wewe. Nesi nimekwisha kumuomba."

Pale kituoni nilishika biki. Nikangoja. Nesi akachoma paja, mutoto akalia kwa nguvu zake zote.

"Sasa," Joviale akasema, akinisogezea kadi, "andika."