Guelord Halowi

Jumamosi moja ya Oktoba, saa nne na dakika kumi za asubuhi, Guelord alikuwa amesimama kwenye gati la mbao la klabu, mkate wa siagi ya karanga mkono mmoja, ski yake ya kutelezea majini mkono wa pili, akisubiri zamu. Klabu iko kando ya bwawa, mwendo wa nusu saa kutoka Lubumbashi ukiikuta barabara bila malori ya shaba. Ukiyakuta, beba chakula. Mbele yake boti ya klabu ilikuwa imefunuliwa kifua. Jina lake ni Mademoiselle, umri wake miaka arobaini na sita, na haikubali kuguswa na mtu asiyeijua historia yake. Chini ya kifuniko cha injini ilionekana miguu miwili tu, na ndala mbili zisizofanana rangi.

Miguu ile ilikuwa ya mzee Ephraïm, fundi wa klabu kwa miaka ishirini na miwili. Ilikuwa pia miguu ya baba yake Guelord, lakini habari hiyo pale klabuni walikuwa nayo watu wawili tu, na mmoja alikuwa chini ya injini.

Mwenyekiti Muhindo akaja, kofia kichwani, kikombe cha kahawa mkononi. Alikuwa mtu wa Butembo, mwenye duka la jumla na malori, na Guelord alikuwa anamwandikia karatasi za forodha ofisini. Alimleta klabuni kwa sababu kijana ana Kifaransa cha kunyooka na anachekesha wageni. Hakujua kwamba atamkuta anateleza kwa ski moja vizuri kuliko wanachama wote.

“Weye, kuteleza vile ulijifunzia wapi?”

“Ku Zambie, patron. Kwa mujomba.”

“Na huyu muzee wa bateau? Naona munafanana paji ya uso. Iko ndugu yako?”

Ukweli ulikuwa mfupi, ungetoshea katikati ya matonge mawili. Guelord akatafuna. Akaziona zile ndala, moja ya buluu, moja ya kijani. Akamwona Wivine, katibu wa klabu, ameinua macho kutoka daftarini. Akameza.

“Hapana, patron. Iko mecano tu. Simujui.”

Chini ya kifuniko, ufunguo uliokuwa ukigonga ukanyamaza. Kisha ukatokea mkono mweusi wa grisi, kiganja juu.

“Patron,” sauti ikasema, “unipe clé ya quatorze, iko pale ku miguu yako.”

Guelord akampa ufunguo wa kumi na nne. Patron huyo hakuwa Muhindo, alikuwa yeye.

Zamu yake ilipofika alivaa jileti la kuelea, akafunga ski, akaruka majini kama siku zote. Maji hayakufunguka. Yalimpokea kwa juu, kama mkeka unavyompokea mtu, yakatikisika kidogo, yakatulia. Guelord akakaa pale, miguu mbele, mkavu kama biskuti.

“Utaanza vile, umekaa?” Wivine akauliza.

“Nitaanza vile.”

“Bon,” akasema, akaandika.

Njia ya slalom ina maboya sita, matatu kila upande, na mtelezi lazima ayazunguke yote kwa nje huku boti ikikata katikati bila kupunguza mwendo. Akianguka, hesabu inaishia pale. Kwenye boya la nne Guelord alikosa mizani, akabingirika juu ya maji kama chupa juu ya lami, akasimama tena kwa sababu hapakuwa na pa kuzama, akamaliza. Kamati ilikaa dakika kumi. Kanuni ya klabu inasema ameanguka yule aliye ndani ya maji. Guelord hakuwa ndani ya maji. Wakampa sita juu ya sita, Muhindo akampiga mgongoni, na kila mtu akaenda kula.

Gatini mzee Ephraïm alisimama na taulo, kama desturi yake kwa kila mtelezi anayepanda. Akaitazama ile ngozi isiyo na tone hata moja.

“Taulo, patron.”

“Aksanti, muzee.”

Nyumbani kwao, Katuba, mambo yalikuwa yale yale. Mama yake, Domitille, alimmwagia ndoo nzima; maji yakagawanyika begani, yakaenda mferejini kila upande na njia yake. Hakupiga kelele. Alikwenda kuchukua mafuta ya mawese na kitambaa, akamsugua kama mtu anayesafisha kabati. Tangu siku hiyo Guelord alinukia kama sombe, mboga ya majani ya muhogo. Jumapili padri aliponyunyiza maji ya baraka, matone yalimkwepa yakamwangukia mama Edith wa nyuma, akapata fungu la watu wawili. Baada ya misa alikuja kushukuru.

Kunywa alikunywa vizuri. Ni nje tu ndiko maji yalikomkataa.

Mezani baba yake alimwita Guelord, mwanangu, pitisha chumvi. Klabuni alimwita patron. Hakukosea hata mara moja, na hilo ndilo lililomchoma kijana. Angekosea, Guelord angekasirika, na hasira ni nafuu. Mara kadhaa alifungua mdomo mbele ya sahani ya bukari, ule ugali wa mama yake, aseme neno. Neno lilifika mpaka kwenye meno, likakuta chakula, likarudi.

Maana hakuwahi kwenda Zambia. Kuteleza alijifunzia palepale, kila Jumatatu, tangu ana miaka tisa, wanachama wakiwa kwenye biashara zao na mzee Ephraïm akiwa na ruhusa ya kujaribu injini. Alimfunga mtoto kwenye kamba, akageuka nyuma kila baada ya dakika, akapiga kelele: “Usitazame boya yenye uko nayo! Tazama yenye kufuata!” Baadaye walikaa wawili chini ya boti, vichwa pamoja, wakihesabu matone. Kwa sababu boti ya zamani kama Mademoiselle lazima iingize maji kidogo. Pale chuma kinachozungusha helisi, ile propela ya nyuma, kinapotokea nje, pamezibwa kwa kamba yenye grisi, na kamba inabanwa na nati kubwa. Nati ikilegea sana, boti inazama. Ikikazwa sana, maji hayapiti, kamba inakauka, chuma kinashika moto.

“Tatu mu dakika moja,” baba alikuwa akisema. “Bateau yenye haiingize hata tone moja, baba, ile njo inaungua.”

Mwezi wa Novemba klabu ilialika watelezi wa Likasi na Kipushi. Ijumaa kabla ya mashindano Muhindo alimwita Guelord pembeni.

“Wageni batapanda mu bateau na viatu vya bei. Maji inajaa chini pale. Yule muzee, banamuambia kila siku, anacheka tu. Inanipatisha haya.”

Guelord naye akaona haya. Aliona yale matone matatu kama ni baba yake anayedondoka mbele za watu. Angeweza kueleza, alijua sababu kuliko mwanachama yeyote. Lakini Muhindo angeuliza ameijulia wapi, na Zambia imeshatumika.

Jumamosi alfajiri akafika peke yake, akalala chali mahali pa baba yake, akashika funguo mbili, akaikaza ile nati mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Akahesabu dakika nzima. Hakuna tone. Akafurahi. Mtu akikaa mkavu wiki sita, ukavu unaanza kumpendeza. Alipotoka alikuwa na grisi nyeusi mpaka kwenye viwiko, akainamia bwawa anawe. Bwawa likasogea. Akajipangusa kwa majani. Majani hayakusaidia kitu.

Mzee Ephraïm alipofika, wageni walikuwa tayari wamekaa botini na Muhindo ameshika usukani. Aliinama kutazama chini. Palikuwa pakavu, panang'aa.

“Patron, tungoje kwanza,” akasema. “Kuna kitu yenye…”

“Muzee, leo hapana! Leo iko vizuri, acha vile!”

Wageni wakapiga makofi kwa viatu vyao vikavu, boti ikaondoka.

Guelord aliteleza wa mwisho, na glavu ndefu zilizoficha viwiko. Boya la kwanza, la pili, la tatu. Alikuwa akitazama lile linalofuata, kama alivyofundishwa. Baada ya la sita kamba ikalegea ghafla. Mademoiselle ilikuwa imesimama katikati ya bwawa, moshi mweupe unapanda kutoka tumboni, na chuma cha helisi kimekamatana na ile kamba yake iliyokauka, kama wapiganaji wawili wasiotaka kuamuliwa. Wageni waliletwa nchi kavu kwa makasia. Guelord alivua ski, akaiweka begani, akarudi kwa miguu juu ya maji. Alifika kabla yao.

Muhindo alishuka, jasho linamtoka.

“Nani alikaza ile kitu?”

Mzee Ephraïm aliingia ndani akakaa sana. Alipotoka aliwatazama wote, mmoja mmoja, bila haraka. Kwa Guelord alitazama mikono. Kijana alikuwa amevua glavu, na mikono ile ilikuwa myeusi mpaka kwenye viwiko, kama mikono ya fundi. Kila mtu aliyetaka kuiona angeiona. Guelord akaiingiza ndani ya jileti.

Neno likaja tena mpaka kwenye meno. Safari hii hapakuwa na bukari wala mkate. Mdomo ulikuwa mtupu, tayari. Wivine alikuwa ameshika kalamu. Watu wa Likasi walikuwa wanatazama.

“Ni miye,” mzee Ephraïm akasema. “Miye njo nilikaza.”

“Miaka yote ile, na haujui?”

“Nilisahau, patron.”

Muhindo hakuwa mtu mbaya. Akashusha sauti. “Muzee, umechoka. Uende kupumzika. Tutatafuta kijana.” Kisha akamgeukia Guelord mbele ya wote, akampa kikombe cha bati la rangi ya dhahabu, maana maboya sita yalikuwa yamezungukwa kabla ya boti kusimama, na kanuni ni kanuni. Guelord akakipokea kwa viwiko.

Mzee Ephraïm alikusanya funguo zake, akazipanga kwa ukubwa sandukuni, ile ya kumi na nne mwisho. Kisha akachukua taulo jeupe la mwisho, akaja nalo mpaka mbele ya mwanawe.

“Taulo, patron.”

Guelord akaweka kikombe chini, akazika mikono ndani ya taulo, akajipangusa mwili usio na maji. Uso, shingo, mikono. Mikono zaidi. Mzee alingoja. Aliporudishiwa taulo lilikuwa na alama nyeusi za vidole kumi. Akalikunja mara mbili, weusi ndani, weupe nje, akalitia chini ya kwapa.

“Félicitations,” akampongeza, akashika njia.

Alikuwa hajafika getini mvua ikaanza, ile ya Novemba isiyopiga hodi. Watu wakakimbilia barazani. Muhindo akamwona mzee anatembea na sanduku lake, shati limegandamana na mgongo, ndala ya buluu imebaki kwenye tope na yeye amerudi kuing'oa.

“Maskini,” akasema. “Tumupeleke na gari. Nani anajua kwake?”

Guelord alikuwa bado uwanjani. Anaijua ile nyumba. Mlango wake alipaka rangi yeye mwenyewe, Pasaka iliyopita, baba yake akiwa ameshika ngazi.

“Guelord! Haujui kwake?”

“Sijui, patron.”

Muhindo akaingia ndani kunywa kahawa. Guelord akabaki pale, mikono ndani ya jileti, na mvua ilishuka pande zake zote bila kumgusa, kama watu wanavyompisha mgeni.