Nimeonja Mbele Yenu

Vumbi la barabara ya Kasesya halibishi hodi. Lori likipita linainuka jekundu, linavuka mtaro, linaingia bandani kwa Stanley mchoma nyama na kukaa linapotaka: kwenye chumvi, kwenye pilipili, kwenye kope za mzee na za mtoto. Nanyi mnajua la kufanya. Mnainama, mnafunika sahani zenu kwa viganja, mnangoja lipite. Jumapili ile nami niliinama. Nikafunika sinia langu kwa viganja viwili, visitoshe. Sinia lilikuwa la watu sita. Viganja vilikuwa vyangu peke yangu.

Nawaandikia ninyi mliokuwepo. Kusema nilisema, mkatazama jiko.

Asubuhi, kanisani, padre alituambia tupeane amani, na mikono yenu ikapata kazi ghafla. Huyu akatafuta rozari mfukoni, yule akainama kumfunga mtoto kiatu. Mkono wangu ukabaki hewani, mkono uliolima matuta ya ulezi kabla wengi wenu hamjazaliwa. Nikaurudisha mfukoni. Nikasema moyoni: haya, amani mmeninyima. Tuone kama mtaikataa na nyama.

Nikaja kwa Stanley kabla yenu. Nikachagua mbuzi kwenye ndoano, paja na mbavu. Nikakaa meza ya kati, meza yetu, ile tuliyokuwa tukikaa kila Jumapili baada ya misa. Mafuta yakadondoka kwenye mkaa, moshi ukasimama, nanyi mkaingia mmoja mmoja. Mkaniona. Mkakaa pembeni, kando ya ukuta, mmebanana kama kuku wa kusafirishwa, na viti vitano vikiwa vitupu mbele yangu.

Kwetu Ufipa anayewaita watu kula huonja kwanza. Hukata kipande, hukitafuna wazi, hukimeza kila mtu akiona koo likishuka. Ndipo husukuma sinia katikati. Anasema bila kusema: humu hamna kitu ila chakula.

Nikakata. Nikatafuna. Nikameza. Nikasukuma sinia katikati.

Nimeonja. Nimeonja mbele yenu.

“Karibu, Isdori,” nikaita. Nilikuita wewe kwanza, Isdori, jirani wa ukuta kwa ukuta.

“Ahsante, Mzee Zenon. Nimeshiba.”

Umeshiba! Na punde tu ulikuwa ukimgombeza Stanley kwamba nyama yako inachelewa.

Kijana mmoja wa bodaboda akacheka mlangoni. “Oya mshikaji, usisogee hapo kwa babu, utapigwa shoti!” Mwenzake akadakia: “Babu, tuletee basi na mvua, vumbi limezidi!” Mkacheka. Wote mkacheka, watu wazima, wazee wa jumuiya, huku mmeshika misalaba yenu shingoni.

Cheka, Ufipa. Cheka, uwanda wa upepo, cheka na meno yako yenye nyama. Mji wetu jina lake kwa Kifipa linasema tupeni uchawi. Mmeutupa wapi? Mmeutupa kwenye kiti changu.

Sasa tuseme lililo wazi. Isdori alipoezeka zizi kwa bati jipya kule juu kilimani, nilikwenda mlangoni kwake nikamwambia: funga waya, ushushe mpaka ardhini, radi ipate njia ya kupita. Akasema mzee unapenda kufundisha. Mvua za kwanza radi ikashuka, ikawaua maksai wake wote wawili wakiwa wamesimama chini ya bati lile lile. Harufu ya ngozi iliyoungua haijaisha, mkaanza kuulizana: alijuaje?

Nilijua kwa sababu nilisoma! Nilisoma jioni, nimetoka shamba, udongo kwenye kucha, mwanangu wa nne yuko mgongoni kwa mama yake. Darasa la watu wazima, koroboi puani, kitabu kimoja watu watatu. Macho haya mnayoyaogopa kwa wekundu wake, moshi wa koroboi ile ndio uliyaivisha. Nilitaka kujua radi ni nini, maana baba yangu alikufa akiiogopa. Nikaijua. Na siku niliyompa jirani yangu nilichokijua, mkanivika uchawi.

Nimeonja. Nimeonja mbele yenu. Nyama ikaanza kupoa, mafuta yakaganda meupe ukingoni mwa sinia.

Ndipo akaingia mtu nisiyemtaka.

Ngeleja mnamjua, mfugaji wa Mtowisa, anayepandisha ng'ombe mlimani kuja kuuza. Mwaka jana aliwaachia wakaingia kwenye ulezi wangu kule Mpui, wakalala humo, wakaacha ardhi kama sakafu ya soko. Tulifikishana baraza la kata. Sijamsamehe. Nikimwona njiani nahama upande.

Akasimama, akatazama ukuta mlikobanana, akatazama viti vitupu. Akanawa mikono kwenye dumu. Akavuta kiti mbele yangu, kikakwaruza saruji.

“Shikamoo, mzee.”

Siku ile nzima sikuwa nimepokea shikamoo. Na ilitoka kwa huyu.

“Marahaba,” nikasema, meno yamebana. “Sijakuita.”

“Najua. Nyama inapoa.”

Akachukua ubavu. Akaupaka chumvi pande zote, polepole, akauma.

Wewe Isdori ukashindwa kuvumilia. “Ngeleja! Wewe mgeni hapa. Huyo mzee humjui!”

“Nisimjue?” Akajibu bila kugeuka, mdomo umejaa. “Mzee mkorofi huyu. Mgomvi. Alinisimamisha baraza kutwa nzima ananisomea vifungu mpaka mwenyekiti akasinzia. Hata leo simpendi.” Akatoa mfupa, akautazama, akaurudisha mdomoni. “Lakini ng'ombe zangu zilishinda ndani ya ulezi wake zinatafuna, na yeye kasimama pale na fimbo, analia kwa hasira. Analia machozi! Angekuwa na radi, si angezipiga siku ile? Hata ndama hakukohoa. Stanley, lete pilipili.”

Stanley akaileta.

Sikupenda aliposema nililia. Ni kweli nililia. Lakini kati yenu nyote, mnaonijua tangu ubatizo wa watoto wenu, hakuna aliyewahi kuliona hilo. Aliyeliona ni yule anayenichukia. Kwake mimi ni mzee mgomvi aliyeliwa ulezi. Kwenu mimi ni kitu cha kuogopwa gizani. Nimepima chuki yake na woga wenu, na sikuhitaji kupima mara mbili.

Tukala. Alikula kama mtu aliyetembea, nami nikala kama mtu aliyengoja. Paja likaisha, mbavu zikapungua.

Ndipo ukainuka, Isdori. Ukaja taratibu, kiti hadi kiti, ukicheka kidogo, ukifuta viganja kwenye suruali. “Basi nami nionje, mzee.” Mkono wako ukanyooka juu ya meza.

Nikavuta sinia upande wangu.

“Umeshiba,” nikakwambia.

Mkono wako ulikaa hewani. Nakumbuka hasa ulivyokaa, kwa sababu asubuhi ile wangu ulikaa vile vile. Ukaurudisha mfukoni.

Lori jingine likapita kuelekea Kasesya. Vumbi likainuka jekundu, likavuka mtaro, likaingia bandani bila hodi, nanyi mkainamia sahani zenu. Mimi nilichelewa. Ngeleja akavua pama lake, lile kubwa la kuchungia, lenye jasho na harufu ya zizi, akalilaza juu ya sinia. Likafunika lote. Tukakaa hivyo, kila mmoja akitazama upande wake, vumbi likitua kwenye mvi zangu na kwenye kipara chake, na chini ya kofia ya adui yangu nyama yetu ikabaki safi.