Wiki ya Mpini Mtupu

Mwenye kijana anayetaka kufungua jimu, au kurithi ya baba yake, amkalishe chini amsimulie haya kabla hajabandika tangazo mlangoni. Yaliyomkuta Mama Jimu yanaweza kumkuta mama yeyote, na yeye hayakumkuta kwa kuzaa mtoto mbaya.

Mama Jimu mwenyewe hakuwahi kunyanyua chuma hata kimoja. Jina alipewa na wateja wa mumewe, Kocha, aliyekodi chumba kirefu nyuma ya duka la rangi, zamani hizo ambapo watu wa mtaa ule waliona jimu ni mambo ya askari na ya wasio na kazi. Vyuma vyake vya kwanza havikuwa vyuma. Vilikuwa makopo ya rangi yaliyojazwa zege, kila mawili yameunganishwa na kipande cha bomba la maji. Ubavuni yalikuwa bado na alama za rangi zake, basi ungemsikia mtu akijitapa kwamba leo amenyanyua kijani na kesho anajaribu nyekundu. Zege lile alilikoroga Mama Jimu kwa mikono yake, akiwa na mimba ya mwanawe, tumbo limemfika kifuani. Mpaka leo akipita penye ujenzi akasikia harufu ya saruji mbichi, husimama kidogo.

Kocha alikuwa na desturi moja iliyochekesha mtaa mzima. Mgeni, hata awe na mikono kama magogo, wiki yake ya kwanza hakugusa kopo. Alipewa mpini wa ufagio, mtupu. Achuchumae nao, ainame nao, aupandishe juu ya kichwa, huku Kocha akimzunguka akimuuliza habari za kazi, za watoto, za goti. Wapita njia walichungulia dirishani wakiuliza hao wanafagia dari au wanafukuza popo. Kuli mmoja, pande la mtu, alikasirika akautupa mpini chini, akasema yeye anabeba magunia kutwa, hakuja kuchezea ufagio.

"Ukitoka hapa leo hoi," Kocha akamwambia, "kesho hutaweza kubeba hata hilo gunia, na keshokutwa utanikimbia. Mimi sitaki uje. Nataka urudi."

Kuli akaokota mpini. Alirudi miaka na miaka, mpaka vijana wakawa wanamwamkia.

Tena kulikuwa na hili: mteja akipotea siku mbili tatu, Kocha alivaa kandambili zake akaenda kumgongea. Hakwenda na maswali ya polisi. Alifika, akasema tumekukumbuka, akanywa chai akipewa, akaondoka. Mama Jimu alikuwa akimnung'unikia kwamba anaacha mtoto wake anakwenda kulea watu wazima. Laiti angejua kwamba ile ndiyo ilikuwa kazi yenyewe, na vyuma vilikuwa kisingizio tu.

Kocha alipofariki, chumba kikawa cha mtoto wao, ambaye marafiki walimwita Kifua. Na kusema haki, Kifua hakuwa mvivu wala mlevi. Aliingia kwa moyo wote. Makopo akayatoa, akaleta vyuma vya kweli, kioo cha ukuta mzima, redio ya kutikisa madirisha. Mpini wa ufagio akaurudisha kwenye ufagio. Mgeni akilipa asubuhi, asubuhi hiyohiyo anawekwa chini ya chuma, anasukumwa mpaka magoti yanacheza. Mama yake alipouliza habari za wiki ya mpini, alimjibu kwa upole kwamba watu wa sasa wanataka kuona wamefanya kazi. Na kweli wageni walitoka wakichechemea na kucheka, wakisimuliana walivyochinjwa. Kifua akahesabu sifa.

Mama Jimu ndiye aliyefagia mlangoni, na wateja aliwajua kwa viatu wanavyoviacha pale. Enzi za Kocha angeweza kukwambia nani yuko ndani bila kuinua kichwa. Sasa viatu vilijaa, lakini kila mara vilikuwa vigeni. Vya juzi havikurudi. Usiku hakulala, mchana hakula, na kila alipofungua mdomo Kifua alimwonyesha jinsi chumba kilivyojaa mwanzo wa mwezi. Katikati ya mwezi hakukuwa na wa kuonyesha.

Mwenye nyumba naye alikuwa na macho. Alikuja akawaambia wazi kwamba muuza magodoro anakitaka kile chumba kiwe stoo, na kwamba yeye, kwa heshima ya marehemu, atawasubiri mpaka mwisho wa msimu waone kama jimu inasimama. Chumba kile ndicho kitu pekee alichomwachia Kocha mwanawe.

Waliokuwa wameishikilia jimu ni kina mama wa asubuhi, na kiongozi wao alikuwa Mama Mikate, mwoka mikate, aliyeanza tangu enzi za Kocha kwa ajili ya mgongo wake. Kifua akaona wamedumaa. Asubuhi moja akampandishia Mama Mikate chuma begani, kizito kuliko alichozoea, ili aonekane amepiga hatua. Hakuanguka. Ila kesho yake hakuweza kukanda unga, wala keshokutwa yake, na jimu hakufika. Mama Jimu alimsihi mwanawe aende kumjulia hali. Kifua akasema mteja si mtoto wa kufuatwa nyumbani, atajiona anadaiwa. Mlango uko wazi, atarudi. Mama Jimu akataka kwenda peke yake, kisha akaogopa kumwaibisha mwanawe, akabaki akifagia. Wale kina mama wengine walikatika mmoja mmoja, bila ugomvi, bila kuaga.

Msimu ulipoelekea ukingoni ndipo Kifua mwenyewe alisema, "Mama, twende."

Walimkuta Mama Mikate amesimama mezani, mikono imezama kwenye unga mpaka kwenye viwiko.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda, au ndiyo misuli yenyewe hiyo?"

Kifua akacheka kidogo, akaanza kueleza. Redio atapunguza. Bei atapunguza. Chuma atakigusa mteja mwenyewe akitaka. Mama Mikate alimsikiliza mpaka mwisho bila kuacha kukanda.

"Mgongo ulipona zamani," akasema. "Ila siku zile nilikuwa nimelala hapo ubavu, kila mlango ukigongwa nasema huyo Kifua. Akaja wa maziwa. Akaja shangazi yangu. Akaja hata mtu aliyekosea nyumba."

"Nilijua utarudi tu, mama mkubwa."

"Na mimi nilijua utakuja tu." Akaugeuza unga. "Sina kinyongo na wewe, baba. Nimezoea tu kutokuja. Usinipunguzie bei, si bei iliyonitoa."

Akawafungia mikate ya moto, akawasindikiza mpaka barabarani kama ndugu. Walikokwenda kwingine walipokewa vizuri vilevile, wakapewa viti, na hakuna aliyerudi. Mama Jimu alikuwa amejiandaa kutukanwa. Ule wema ndio uliomkatisha tamaa.

Siku ya kuhama, vyuma vilikuwa vimeshachukuliwa na kioo kimeshabanduliwa. Lilibaki benchi moja katikati ya chumba, na nje lori la magodoro lilikuwa limeshafungua mlango wa nyuma. Kifua akakaa kwenye benchi. Mama yake akakaa pembeni yake.

"Baba akitoka na kandambili zake," Kifua akauliza, "alikuwa anaanzia kwa nani?"

Mama Jimu akafikiri. Alikuwa anaanzia kwa fundi viatu pale bombani, akasema, kwa sababu yule alikuwa mjane na hakuwa na wa kumwamsha. Kisha anapanda kwa mwalimu wa kike mwenye pumu, huyo alipenda kuulizwa habari za paka wake, si za pumu. Kisha anashuka kwa mshona magunia.

"Huyo alikuwa anaumwa nini?"

"Hakuwa anaumwa. Alikuwa na aibu ya unene. Baba yako alimpa asubuhi ya peke yake, watu hawajafika."

Dereva wa lori akapiga honi. Kifua akatoka kumwomba angoje kidogo, akarudi akakaa palepale.

"Haya, mama. Na baada ya mshona magunia?"