Kifaa cha Bi Maziwa

Jumatatu saa mbili na nusu asubuhi, Bi Maziwa, kama walivyomwita wenzake wa maabara, alikuwa mtu wa tatu kwenye benchi la ofisi ya utafiti ya chuo. Alikuwa amepakata kifaa kilichomchukua miaka mitatu kukiunda: ukikichovya ndani ya ndoo, mshale unaonyesha kama maziwa yametiwa maji. Cha kwanza alikuwa amemwahidi shangazi yake, ambaye kila wiki mnunuzi hummwagia ndoo nzima ya maziwa chini akidai kaongeza maji. Alitaka tu kuambiwa jinsi ya kukiombea hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi wake, kabla mjanja fulani hajamzidi kete.

"Hebu nieleze kinavyofanya kazi," mratibu alisema.

Alieleza. Alipomaliza, mshale haukuwa tena kwenye kifaa. Ulikuwa mezani kwa mratibu, naye aliusogeza kando apate pa kuweka kikombe chake cha chai.

"Hapa tunapokea ripoti tu. Nenda kwa mwanasheria."

Mwanasheria alisema hawezi kushauri jambo asilolielewa. Akaelezwa, betri ikahamia kwenye droo yake, kisha akashauri makala ichapishwe kwanza. Mkuu wa kitivo akasema makala isubiri, mada itolewe kwenye semina ya Alhamisi. Watu arobaini walisikiliza, na kila mmoja akatoka na skrubu au kipande cha waya mfukoni. Wachache walishukuru.

Bi Maziwa alikereka. Wiki nzima alipigwa danadana, na hakupata watu wawili waliosema jambo moja.

Ijumaa alifika ofisi ya hataza yenyewe akiwa na mfuniko tu, kipande pekee cha kifaa kilichobaki. Ofisa alifungua ukurasa wa kwanza wa mwongozo, akasoma bila haraka: "Kabla ya kuomba, usimweleze mtu yeyote."

"Mbona hakuna aliyeniambia?"

"Mwongozo uko hapa siku zote, dada. Ni kuuliza tu."

"Nimeuliza wiki nzima!"

"Pole sana. Kwani kilikuwa kinafanyaje kazi?"

Bi Maziwa alisimama. Akautia mfuniko mkobani, akaondoka.

Jioni, nyumbani, shangazi aliupokea kwa mikono miwili, akaujaribu kwenye bakuli la sukari.

"Umeenea, mwanangu. Kama ulipimwa."

Asubuhi iliyofuata mnunuzi alichungulia ndoo ya shangazi, akachovya kidole, akasema ni maji, akaimwaga.