Mlima Uliopigiwa Makofi

Lucy Stefano alikodiwa kupiga picha za fataki, basi. Bwana Wilfred alikuwa anafungua loji yake mpya kando ya njia ya Mgeta, na alitaka picha zenye fataki juu na safu ya Uluguru nyuma yake. Lucy akafunga kamera kwenye stendi, akaitega ikae wazi kwa sekunde kadhaa, ili kila cheche ijichore mstari mzima, tangu inaporuka hadi inapozimika.

"Bosi, nyasi zimekauka mno," alimwambia kabla giza halijaingia. "Na upepo unaelekea mashambani."

"Wewe piga picha."

Fataki zikaanza, wageni wakashangilia. Mara fataki moja ikaenda kombo, ikaangukia mteremkoni ingali inawaka. Nyasi zikashika. Moto ukatambaa kuelekea shamba la shangazi yake Lucy, Veronika, na wageni, wakidhani ni sehemu ya onyesho, wakapiga makofi. Makofi!

"Moto! Kule kuna watu!"

"Usiniharibie shughuli," Wilfred alimnong'oneza huku akiwachekea wageni. "Endelea kupiga."

Lucy akaing'oa kamera, akateremka mbio. Yeye na wanakijiji waliupiga ule moto kwa matawi mabichi mpaka ukafa. Hakuumia mtu, lakini maharage, migomba na banda la mbuzi la Veronika vilikwisha.

Kesho yake Wilfred alikuja kwenye kikao cha kijiji, shati limenyooshwa pasi.

"Si nyinyi wenyewe mnaochoma mashamba kila mwaka?" akasema. "Fataki zangu zilizimikia angani. Muulizeni mpiga picha wangu."

Hasira zikampanda Lucy. Akasimama, akaiweka kamera mezani mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Kwenye kioo ulionekana mstari mmoja mwekundu, haukukatika popote, kutoka uwanja wa loji hadi ndani ya nyasi.

"Hizo picha ni zangu!" Wilfred alifoka. "Nimekukodi mimi!"

"Ni zako. Ndiyo maana nimekuletea mbele za watu."

Watu wakaguna. Wilfred akakubali kujenga banda na kuleta mbegu, uso ameukunja, bila hata neno la pole. Akaondoka na gari lake.

Lucy alidhani hasira zitapoa. Hazikupoa. Alimkuta Veronika shambani, masizi hadi kwenye viwiko.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba." Veronika hakuinua uso. "Walipokuwa wanapiga makofi, wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nawapigia kelele. Hawakunisikiliza."

"Ungewatukana."

"Ningewatukana, kweli."

Lucy akavua viatu, akachukua panga, akaukata mgomba ulioungua kwa nguvu nyingi kuliko ulivyohitaji. Kisha akaufuata mwingine.